Kabla hujaifungua giaboksi ya trekta kuukuu

Giaboksi ya kwanza niliyoifungua haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa ya Massey Ferguson 135 iliyonizidi umri, na kila nikiingiza gia inasaga utadhani kuna kokoto ndani. Nilishinda siku mbili juu yake. Nikatoa kifuniko pamoja na mkono wa gia, nikamulika jino moja baada ya jingine. Yote mazima. Kumbe nati ya fito ya klachi ilikuwa imelegea, kwa hiyo pedali inafika chini lakini klachi haiachii. Spana moja, dakika kumi.

Siku hizi naanza na jaribio la bure kabisa. Zima injini, kisha pitisha gia zote moja moja. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa lakini zikasaga ikiwa inanguruma, iache giaboksi, kamata klachi. Angalia pedali inatembea kiasi gani kabla ya kuanza kuwa nzito. Mwendo huo mtupu ukizidi, klachi haiachii vizuri. Usipokuwepo kabisa, klachi inateleza na beringi yake inaungua. Kipimo chenyewe kimo kwenye kitabu cha trekta yako, usikadirie kwa jicho.

Klachi ikiwa safi, hamia kwenye oili. Imwage ikiwa ya moto, baada ya kazi, ili uchafu utoke nayo badala ya kubaki umelala chini. Bolti ya kumwagia oili ikiwa na sumaku, ipanguse kwa kidole: tope jeusi laini ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvishika na kucha ni jino au beringi inayokuaga. Oili nyeupe kama chai ya maziwa ina maji; yangu iliwahi kuwa hivyo. Na maji kwenye 135 ni balaa, maana giaboksi, difu (gia za ekseli ya nyuma) na haidroliki zinakunywa oili ile ile; ukiacha kutu ianze kwenye gia, pampu ya kunyanyulia nayo imo safarini.

Oili mpya nayo isiwe yoyote tu. Nimewahi kuambiwa dukani kwamba GL-5 ni bora kuliko GL-4 (hayo ni madaraja ya oili ya gia) kwa sababu namba yake ni kubwa. Si hivyo. Viungo vya salfa vilivyomo kwenye oili nyingi za GL-5 vinaweza kula bushi za shaba, na trekta za zamani zinazo. Fuata daraja na uzito ulioandikwa kitabuni, hata muuzaji akikucheka.

Sasa ubovu wa kweli. Gia inayoruka yenyewe ukiwa kazini, hasa ukiteremka, mara nyingi inaanzia juu: springi na gololi zinazoshikilia fito za gia zimechoka, au uma unaosukuma gia umelika. Hapo bahati ni yako, kwa sababu vingi vya hivyo unavifikia bila kuipasua trekta. Funika kwa kitambaa unapotoa springi, gololi zinaruka kama senene. Ziba pia uwazi wa giaboksi kwa matambara, na uyahesabu. Mimi niliwahi kutafuta washa moja ya bolti iliyodumbukia humo usiku mzima kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya.

Lakini kingo za meno zikiwa zimeliwa mviringo, springi mpya haitasaidia, na kwa sili (pete ya kuzuia oili isivuje) ya shafti inayoingia kwenye klachi hakuna njia ya mkato: trekta inagawanywa vipande viwili. Hapa ndipo naomba unisikilize. Trekta hizi hazina chesisi. Injini na giaboksi ndizo mwili wenyewe, na ekseli ya mbele inabembea kwenye pini moja ya katikati. Ukitenganisha tu, upande wa injini unaweza kulala ubavu. Gongelea kabari za mbao ngumu kati ya ekseli na mwili, kushoto na kulia, kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Weka stendi imara pande zote mbili za mkato. Jeki peke yake haitoshi.

Ukishaunganisha, chungulia chini ya nyumba ya klachi. Kuna kitundu chenye kota pini inayochezacheza, kazi yake kuzuia tope lisikizibe. Oili ikidondoka hapo, sili mojawapo inavuja, ya injini au ya giaboksi. Oili nyeusi yenye masizi kwa kawaida ni ya injini. Nami huitikisa pini hiyo kila ninapopaka grisi.

Maji yale kwenye oili yangu, kwa njia, yalipitia mpira uliopasuka chini ya mkono wa gia. Nilikata kipande cha tyubu, nikakifunga kwa waya juu na chini, na masika mawili yamepita oili ikiwa na rangi yake.