Re: Nikihamia kamera ya Canon R6, lenzi zangu za Canon 700D zitafanya kazi?

Zitafanya, mkuu. Adapta ya EF-EOS R, ile pete ya kuunganisha lenzi za zamani na R6, haina kioo ndani, kwa hiyo ubora wa picha haushuki. Tatizo ni hiyo 18-55 iliyokuja na kamera: ni EF-S, yaani ya kamera zenye sensa ndogo (sensa ndiyo inayonasa picha), na R6 itakata picha pembeni, megapikseli 20 zibaki kama 7 na ushee. Iuze pamoja na bodi ya 700D. Ile lenzi ya 50mm f/1.8 usiiuze kabisa. Mimi yangu bado napigia harusi, ukumbi giza, taa za zambarau, bibi harusi ndiyo anaingia, na flashi nimezima. Mfuko ukibana chukua R6 iliyotumika, ila piga ukuta mweupe kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo) kwanza, uchafu wa sensa utauona madoa madoa. Halafu betri ya pili, tafadhali.