Alizeti si sukuma wiki, wacha kuibananisha

Juzi mtu ameniuliza mbona alizeti yake ilinawiri, majani kama sahani, alafu kufika kwa mashine ya kukamua, mafuta hakuna, nikacheka maanake huyo ni mimi kabisa wa miaka mitatu iliyopita.

Nina ekari moja hapa Njoro. Nilijiambia mbegu nyingi ndio mavuno mengi, nikapanda sentimita 60 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, hesabu yake ni kama mimea 33,000 kwa ekari, na mashimo mengine nikaacha miche miwili juu kung'oa mche umeshaota vizuri inauma roho. Alafu nikamwaga CAN, ile mbolea ya naitrojeni ya kukuzia, magunia mawili, majirani wakipita wananisifu ati shamba limekuwa msitu. Upepo ulipokuja na mvua nusu ikalala chini. Zilizosimama, vichwa ni saizi ya mdomo wa kikombe. Nikasugua kimoja kwa kiganja nikapuliza, mbegu nyingi zikapeperuka tu, mapepe matupu.

Naitrojeni ikizidi nguvu inaenda kwa majani na shina, na hata mbegu ikijaa inakuwa na protini zaidi, mafuta inapungua. Mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, utapata, ng'ombe watafurahi, wewe urudi na nusu jerikeni.

Siku hizi napanda 75 kwa 30 na kamba yenye mafundo, mche mmoja kwa shimo, inakuja karibu mimea 18,000. Kupunguza nafanya ikiwa na majani manne hivi, asubuhi mvua ikiwa imenyesha, udongo laini. DAP, mbolea ya kupandia, gunia moja la kilo 50 wakati wa kupanda, naichanganya na udongo kwanza kwa sababu ikigusa mbegu inaiunguza. CAN nusu gunia tu, alizeti ikifika magotini, basi. Lakini nyinyi wa Kakamega na Vihiga, udongo wenu mwingi uko na asidi na DAP inaiongeza, pimeni kwanza, pengine ni chokaa inahitajika si mbolea.

Na usiruke upande ule mwingine uachanishe sana. Nilijaribu nyuma ya boma, vichwa vikatoka kama sinia, watoto wakapiga picha, lakini katikati havikujaza na vilikawia kukauka mpaka vingine vikaoza.

Ndege ndio bado wananishinda, msimu huu nimekubaliana na jirani tupande wiki ile ile moja, angalau wasishibe kwangu peke yangu.