Kidole gumba ndicho mwamuzi: kwa anayeanza kusoma webtuni

Binamu yangu alinitumia ujumbe saa nne usiku: "Dada, nimepakua ile programu ya katuni za Kikorea. Ziko nyingi mpaka kichwa kinauma. Naanza na ipi?" Nilitaka kumtajia jina moja nilale. Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza, nilivyomaliza mabando kwa vitu vya ovyo kwa sababu tu mtu alinitajia jina. Nikakaa kitandani nikamwandikia haya. Hapa nimeyapanua kidogo.

Kwanza jua unachokishika. Webtuni si kitabu cha katuni kilichopigwa picha kikatiwa kwenye simu. Imepangwa tangu mwanzo isomwe kwa kuteremka, juu kwenda chini, kidole gumba kikisukuma. Wakorea walianza hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000: Daum, kampuni ya mtandao ya huko, walifungua sehemu yao ya webtuni mwaka 2003, wapinzani wao Naver wakafuata 2004. Mwaka huohuo wa 2003 mchoraji Kang Full alianza kuchapisha Daum hadithi ndefu ya mapenzi, na wenzake wakaona kwamba ukurasa wa kompyuta unaweza kushuka mpaka hadithi itosheke. Toleo la Kiingereza la Naver lilikuja 2014, na wengi wetu tuliingilia hapo.

Kwa kuwa hakuna ukurasa wa kufunua, mchoraji hawezi kukuficha kitu nyuma ya karatasi. Anachotumia ni nafasi tupu. Picha zikikaribiana, macho yanakimbia. Zikiachana, unateremka kwenye weupe au weusi mtupu, kidole kinasukuma mara moja, mara mbili, mara tatu, na hujui nini kinakuja. Mwaka 2011 mchoraji Horang alichora kisa kifupi cha mzimu wa Bongcheon-dong, mtaa mmoja wa Seoul. Msichana anarudi nyumbani usiku, mbele yake kuna mwanamke anayetembea kama mtu ambaye viungo vyake vimeungwa vibaya. Unateremka taratibu. Mara ukurasa unajiteremsha wenyewe, wewe hujagusa, na yule mwanamke anageuka. Nilikuwa bwenini, kitanda cha juu. Simu iliniponyoka ikamwangukia mwenzangu wa chini, naye akapiga yowe kabla hata hajajua kwa nini.

Kwa hiyo ukitaka kuijaribu webtuni, jaribu kwa kidole. Soma episodi tatu, usihesabu nyota wala wafuasi. Ukijikuta unateremka mbio ukiokota maneno tu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo ubaoni, iache. Kidole kikisimama chenyewe kwenye picha isiyo na neno hata moja, baki. Usiamini jalada, maana lile limechorwa kwa utulivu, wakati episodi huchorwa mbio: picha makumi kadhaa zenye rangi, kila wiki, kwa siku maalumu. Usiamini pia ubaya wa mwanzo. Tower of God ya SIU ilipoanza 2010 ilichorwa kama daftari la mwanafunzi aliyekaa nyuma, lakini mwendo wake ulikuwa tayari umekaa sawa. Mkono ulinyooka baadaye.

Halafu kuna suala la aina. Ukifungua programu yoyote utaona kama stori moja imenakiliwa mara mia. Usishangae. Milango mikubwa ni mitatu. Wa kwanza, mtu anakufa halafu anarudi miaka kumi nyuma akiwa na kumbukumbu zake zote. Wa pili, msomaji anaamka ndani ya riwaya aliyokuwa akiisoma, mara nyingi katika mwili wa yule dada mbaya ambaye mwishoni hukatwa kichwa. Wa tatu, milango ya majini inafunguka mjini, watu wanapata nguvu, na dirisha la bluu, kama kwenye gemu, linamwonyesha shujaa amefika daraja gani. Mimi huwa nasema mlango si tatizo. Angalia anafanya nini akishaingia. Aliyerudi miaka kumi nyuma akapiga tu maadui wake mmoja baada ya mwingine atakuchosha kufikia episodi ya 30. Aliyerudi akagundua kwamba kumbukumbu yake ilikuwa na makosa, huyo atakunyima usingizi.

Kitu ambacho mgeni hakiangalii kabisa ni majina ya walioitengeneza. Nyingi za milango hiyo mitatu zimetoka kwenye riwaya za mtandaoni, kwa hiyo utakuta mwandishi wa riwaya, mtu aliyeigeuza iwe katuni, na mchoraji au studio. Solo Leveling ilikuwa riwaya ya Chugong kabla Jang Sung-rak, aliyejiita Dubu, hajaichora na studio ya Redice kuanzia 2018 hadi 2021. Mwaka 2022 Dubu alifariki. Aliyependa michoro ile hakuhitaji kuuliza watu "niipate wapi nyingine kama hii", angefuata tu jina la studio, na angeikuta Omniscient Reader. Faida nyingine: ikiwa riwaya imeshakamilika, unajua hadithi ina mwisho mahali fulani, hata kama katuni haijaufikia.

Sasa, huo mwisho wa hadithi! Hapa niliumia. Mwaka fulani nilinunua sarafu, yaani pesa za ndani ya programu, kwenye programu moja, sitaitaja, nikafungua episodi za stori iliyokuwa bado inaendelea. Ijumaa usiku nikafika mwisho wa msimu wa pili, shujaa ananing'inia ukingoni mwa jengo, na chini yake tangazo la mapumziko. Hayo mapumziko hayajaisha mpaka leo. Sarafu zilizobaki nazo zikapitwa na muda wake. Kwa hiyo mgeni, stori zako mbili tatu za kwanza ziwe zilizokamilika. Utajifunza ladha yako bila kuvunjwa moyo. Ukishajijua, ndipo ujiingize kwenye zinazoendelea, na huko uwe na subira na wachoraji. SIU mwenyewe alisimama karibu mwaka mzima kuanzia 2020 kwa sababu ya afya, na si yeye peke yake. Ile kazi ya kila wiki inakula mikono na shingo za watu.

Kuhusu pesa, kwa kweli unaweza kusoma sana bila kulipa. KakaoPage, programu ya Kikorea ya riwaya na katuni, walianzisha mwaka 2014 utaratibu wa kusubiri upate bure: ukisoma episodi moja, ya pili inafunguka baada ya muda fulani, na asiye na subira ndiye analipa. Programu nyingi sasa zina namna yake ya jambo hilo. Dawa yake ni kuwa na stori nne au tano kwa pamoja, kama mama lishe mwenye majiko manne: hili linatokota, lile unaliepua. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, maana episodi ni picha tupu na bando litaisha Jumanne. Na usisome maoni ya chini kabla hujamaliza, kwa kuwa waliolipia wameshatangulia na hawana siri.

Tafsiri za wizi utakutana nazo. Zaidi ya kuwanyima wachoraji haki yao, zinaharibu hadithi yenyewe. Kikorea huacha mtenda mara nyingi, sentensi inaenda bila kusema "he" wala "she", na mashine ya kutafsiri wanayoitumia inabahatisha. Mhusika anakuwa mwanaume leo, kesho mwanamke, na wewe unadhani umeruka episodi. (Kiswahili kingepona ugonjwa huo, "a-" yetu haiulizi jinsia. Natamani siku moja mtu atufasirie.)

Na hapo naomba nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili analo tayari na Kiingereza kinamnyang'anya. Wakorea wana usemi wa heshima na usemi wa kuzoeana, na mdogo hamsemeshi mkubwa kwa usemi wa pili bila ruhusa. Utakuta picha hivi: vijana wawili kwenye korido ya shule, mmoja kasema jambo dogo tu, "Umekula?", na mwenzake anageuka uso umekunjamana, mandharinyuma imekuwa nyeusi, anauliza tangu lini wamezoeana. Kwa Kiingereza unabaki kinywa wazi, kosa liko wapi? Sasa ifikirie hivi: mtoto wa kidato cha kwanza kapita mbele ya mwalimu mkuu, hakutoa shikamoo, kasema "Niaje?" Umeelewa mara moja. Kila mhusika wa Kikorea akikasirika bila sababu unayoiona, jiulize kwanza nani mkubwa kati yao. Hyung ni kaka, lakini husemwa na mwanaume tu. Mwanamke humwita kaka oppa. Dada kwa mwanaume ni noona, kwa mwanamke ni unnie. Na msichana akiacha kumwita mtu sunbae, yaani aliyemtangulia shuleni au kazini, akaanza kumwita oppa, jua kuna jambo limetokea hata kama mtafsiri hakulionyesha.

Angalia pia alama ya umri kabla hujampa mdogo wako simu. Stori za shule nyingi zina upole wa michoro na ukatili wa uonevu ndani yake.

Basi binamu yangu alikuwa hajaniambia anachopenda. Nilimuuliza, akasema hataki majini wala mapanga, amechoka, yuko field kwenye ofisi ya uwakala wa forodha na kazi yake ni kutoa fotokopi. Nikampa Misaeng ya Yoon Tae-ho, ile iliyotoka 2012 hadi 2013 na kufanywa tamthilia 2014. Jang Geu-rae ametumia utoto wake wote kucheza baduk, mchezo wa mawe meusi na meupe, akashindwa kuwa mchezaji wa kulipwa. Sasa yuko kwenye kampuni ya biashara, hana shahada, kaingizwa kwa kujuana na kila mtu anajua hivyo. Kila episodi inafunguliwa na hatua moja ya fainali halisi ya Kombe la Ing ya 1989, Cho Hun-hyun dhidi ya Nie Weiping. Katika baduk, mawe yaliyozungukwa yanahitaji macho mawili, nafasi mbili tupu ndani yao, ili yahesabiwe kuwa hai. Yasipoyapata bado, huitwa misaeng.

Nilimwambia kwamba stori huhama kutoka programu moja kwenda nyingine, aitafute. Aliipata. Siku tatu baadaye akaandika: "Dada niko episodi ya 40. Bosi kaniita mara mbili leo, sijasikia."