Maswali ya wasomaji: Wameniomba niwe mdhamini, naingia wapi?

Wiki hizi nimepata barua nne zinazogusa kitu kimoja, watu wanaombwa kuingia, au tayari wamo, kwenye bodi za wadhamini za mashirika ya hisani yanayowapa makazi vijana wasio na pa kulala. Wote wanne wako Uingereza kwa hiyo sheria nitakazotaja ni za Uingereza na Wales, Scotland wana za kwao. Mi mwenyewe nimekaa bodi ya aina hii miaka sita, mengi nimeyajua kwa kukosea, kwa hiyo mnivumilie nikiongea sana.

Shikamoo dada. Mimi ni mhasibu, shirika moja lenye hosteli ya vijana wa miaka 16 hadi 25 limeniomba niwe mdhamini. Nimefurahi ila naogopa, maana mdhamini ninayemjua mimi ni yule anayeenda kumtoa mtu polisi au anayemsainia mwenzie mkopo, jamaa akitoroka deni linabaki lako. Je shirika likifilisika watakuja kuchukua nyumba yangu? Na kazi yenyewe ni ipi, wao wameniambia ni mitingi sita tu kwa mwaka basi. – Mwenye Wasiwasi

Marahaba mdogo wangu. Neno lenyewe ndo limekutisha, na sikulaumu, maana tumelitwika mizigo mingi, kuna mdhamini wa mahakamani, kuna wa mkopo, hadi kampuni ikiinunulia timu jezi inaitwa mdhamini. Huyu wa bodi ni mtu aliyekabidhiwa amana. Pesa si zake, jengo si lake, lakini sheria ikiuliza nani anaongoza hapa jibu ni yeye na wenzake. Sheria ya Mashirika ya Hisani ya 2011 imesema wazi kuwa wadhamini ndio wenye udhibiti na usimamizi wa jumla wa shirika. Sio mkurugenzi wala meneja wa hosteli, hao mnawaajiri nyie. Na kwa kawaida nyie hamlipwi, mnarudishiwa nauli na gharama ndogondogo tu.

Sasa nyumba yako. Kabla hujajibu lolote omba katiba ya shirika uangalie limesajiliwa kama nini. Kama ni kampuni yenye ukomo wa dhamana, au ni chombo cha hisani chenye nafsi yake kisheria, basi mikataba na madeni ni ya shirika lenyewe, na kwenye hiyo kampuni likivunjwa mwanachama anadaiwa kile kiasi kidogo alichoahidi, mara nyingi pauni 1 au 10. Lakini kama ni chama tu cha watu au ni amana ya mtindo wa zamani isiyo na nafsi kisheria, wadhamini ndio wanaosaini kwa majina yao, na hapo deni linaweza kukufikia kweli. Shirika lenye hosteli, wafanyakazi na mkataba wa pango likiwa bado kwenye muundo huo, mi ningewaambia badilisheni kwanza ndo niingie. Na hata huo muundo mzuri haukufichi ukivunja wajibu wako, mfano mmejilipa pesa ambayo katiba hairuhusu, au mmeendelea kukopa huku mnajua kabisa hamna uwezo wa kulipa.

Kwa vile wewe ni mhasibu watakupa uweka hazina kabla kiti hakijapata joto. Ukubali, ila usikubali ile tabia ya wengine kufunga makaratasi na kusema hesabu tumemwachia yeye. Wajibu ni wa wote. Hesabu za mashirika mengi ziko wazi kwenye tovuti ya Charity Commission, mdhibiti wa mashirika ya hisani, unatafuta jina bila kulipa senti, soma za miaka mitatu uone akiba inapanda au inaliwa. Hosteli za vijana pesa zake zina ugonjwa wake. Sehemu kubwa kwa kawaida inatoka kwenye kodi ya chumba inayolipwa na ruzuku ya nyumba ya kijana, nyingine mkataba wa halmashauri wa kulipia usaidizi, halafu michango. Chumba kikikaa tupu wiki tatu kwa sababu mnasubiri fundi wa bafu, kodi haiingii ila mfanyakazi wa zamu ya usiku analipwa vilevile. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza vyumba vingapi viko tupu na kwa nini, utajua afya ya shirika haraka kuliko kusoma ile ripoti yenye picha za vijana wanacheka. Na angalia pesa zenye masharti, kama mfadhili ametoa kwa ajili ya mafunzo ya kazi haziwezi kuziba pengo la mishahara, hata kama zimelala tu benki, hata kama mnaapa mtazirudisha mwezi ujao.

Kingine ambacho wadhamini wengi hawakijui kabisa ni ishu ya umri. Kijana wa miaka 16 au 17 bado ni mtoto kisheria. Mwaka 2009 mabwana wa mahakama ya juu kabisa, wakati ule ilikuwa House of Lords, waliamua kwenye kesi iliyohusu halmashauri ya Southwark kwamba mtoto wa umri huo akikosa pa kuishi kwa kawaida ni jukumu la idara ya watoto kumchukua chini ya sheria ya watoto ya 1989, sio kumsukumia idara ya nyumba. Na tangu Oktoba 2023 ni kosa kuendesha makazi yenye usaidizi kwa watoto wa 16 na 17 walio chini ya uangalizi wa halmashauri bila usajili wa Ofsted, wakaguzi wa shule na huduma za watoto wa England. Kwa hiyo hosteli yenu ya 16 hadi 25 ina makundi mawili ndani ya mlango mmoja, uliza bodi inalijua hilo na imeona cheti.

Mitingi sita? Ni sita kweli, lakini hawajakwambia kuhusu kurasa 80 zinazotumwa Ijumaa usiku kwa kikao cha Jumatatu.

Dada, mimi ni mdhamini mwaka wa pili sasa. Aliyeanzisha shirika letu ndo mkurugenzi, ni mama mwenye moyo wa ajabu, amewatoa vijana wengi barabarani na wote wanamwita mama. Tatizo hakuna anayemuuliza kitu. Mwenyekiti ni rafiki yake wa zamani. Kikao kilichopita niliuliza akiba yetu inatosha miezi mingapi, nikaambiwa nina imani haba. Nikae kimya au nitoke? – Imani Haba

Usikae kimya na usitoke kwanza. Jina lako nimelipenda, bodi nzima ingekuwa na imani haba kidogo tungelala vizuri.

Ngoja nikupe visa viwili vinavyojulikana. Kids Company ilianzishwa London 1996 kusaidia watoto na vijana waliokuwa kwenye hali ngumu, mwanzilishi wake alikuwa na mvuto mkubwa hadi mawaziri wakuu walimsikiliza, na kwa miaka ile shirika lilipata zaidi ya pauni milioni 40 za umma. Sera yao ilikuwa mtoto akija mwenyewe mlangoni asirudishwe. Nzuri sana, nani ataipinga, ila maana yake matumizi yanaamuliwa na idadi ya wanaobisha hodi huku akiba ikiwa karibu hakuna. Agosti 2015 lilifungwa, siku chache tu baada ya serikali kuwapa pauni milioni 3. Kilichonigusa ni kilichofuata: wadhamini walipelekwa mahakamani ili wapigwe marufuku kuongoza makampuni, na 2021 mahakama kuu ikakataa ombi hilo, haikuwaona kama watu wasiofaa. Halafu 2022 Charity Commission nayo ikatoa ripoti yake ikasema usimamizi ulikuwa mbovu, ikataja na wadai na wafanyakazi waliocheleweshewa malipo. Yaani unaweza kuwa mtu safi kabisa mbele ya hakimu na bado vijana wakaamka asubuhi mlango umefungwa.

Kisa cha pili ni Covenant House ya New York, hii ni ya vijana wasio na makazi hasa, ilianza 1972 chini ya padri mmoja ambaye kila mtu alimwona kama mtakatifu. Februari 1990 akajiuzulu baada ya tuhuma za kuwatumia vijana kingono na maswali kuhusu pesa, yeye alikana na hakuwahi kushtakiwa, ila uchunguzi ulioagizwa na bodi yenyewe ulitoa picha mbaya. Michango ikaporomoka. Lakini shirika halikufa, akaletwa mtawa aliyeitwa Mary Rose McGeady kuliongoza, taratibu zikafumuliwa, na lipo hadi leo. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba hawa walipotikisika hatimaye kulikuwa na watu waliokubali kumchunguza mtu wao wenyewe, japo kwa kuchelewa sana, na kuchelewa kule waliolipia ni vijana.

Turudi kwako. Swali lako la akiba liandike, mtumie mwenyekiti kwa barua pepe wiki mbili kabla ya kikao, omba liwe ajenda na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu. Swali la mdomo linazimwa na kicheko, lililoandikwa linabaki. Omba pia makadirio ya pesa za kuingia na kutoka mwezi kwa mwezi kwa mwaka mzima ujao. Omba daftari la malalamiko ya vijana na matukio, sio muhtasari, daftari lenyewe, majina yamefichwa. Shirika la vijana waliokwisha kuumizwa majumbani likikwambia mwaka mzima hakuna lalamiko hata moja, hapo ndo uanze kuogopa. Pendekeza kila kikao kiwe na nusu saa wadhamini wako peke yao bila mkurugenzi, iwe kawaida tu isionekane kama mnamsengenya. Na muda wa kukaa bodini, mwongozo wa utawala bora wa mashirika ya hisani, toleo la 2020, ulisema mtu akipita miaka tisa kuteuliwa kwake tena kuchunguzwe kwa makini sana na kuelezwe wazi, kwa hiyo huyo rafiki wa zamani amekaa mingapi?

Mi niliwahi kunyamaza. Tulipitisha bajeti iliyokuwa na mkataba wa halmashauri ambao bado haujasainiwa, nikaona lile tarakimu, nikasema moyoni wenzangu wamekaa zaidi yangu wanajua. Hawakujua. Kila mmoja alikuwa anamwangalia mwenzie. Mkataba haukuja na tukafunga vyumba vinne, na mimi ndo nilienda na meneja kuwaambia vijana wawili kwamba wanahama.

Ukizuiwa kote, Charity Commission wanapokea taarifa kutoka kwa wadhamini. Kujiuzulu ni hatua ya mwisho na hakukufuti kwenye maamuzi yaliyopita ukiwa ndani, kwa hiyo kama utatoka, barua yako iseme sababu.

Dada mambo. Mi mdhamini, naishi karibu na hosteli yetu, napitaga jioni kukaa na vijana, mmoja nimempa namba yangu na mara mbili nimempa hela ya chakula. Meneja amenuna eti navuka mipaka. Si nasaidia? – Jirani Mwema

Poa. Meneja yuko sahihi, tena amekuvumilia. Wewe ni bosi wa bosi wake, ukikaa sebuleni na vijana bila kupangiwa wafanyakazi wanashindwa kufanya kazi, na kijana anajifunza kwamba sheria za hosteli zina mlango wa nyuma unaoitwa wewe. Hela ni mbaya zaidi. Mtu mzima anayempa kijana asiye na kwao hela ya siri na namba binafsi, hata nia ikiwa safi, ndiyo picha ileile ambayo wafanyakazi wanafundishwa waitilie shaka, na kijana huyo pengine ameshakutana na wasio na nia safi. Mwambie meneja leo kuhusu hizo hela zote mbili aziandike. Ukitaka kuwaona vijana, tembelea kwa ratiba, ukiwa na mdhamini mwenzio. Ukitaka kujitolea jioni, ingia kama wajitoleaji wengine, uhakikiwe kama wao, na zamu hiyo mfanyakazi akikupa amri utii.

Habari dada, nina miaka 19, nilikaa hosteli ya shirika fulani miezi tisa nikitokea kulala makochi ya marafiki, leo huku kesho kule. Sasa nina chumba changu na wananitaka niingie bodi. Naogopa nitakuwa pambo tu wanipige picha. Hao wengine wote ni mawakili na watu wa benki. – Makochi

Nzuri mdogo wangu, na hongera kwa chumba. Umri hauna shida, kampuni na vile vyombo vyenye nafsi yake wanaruhusu kuanzia miaka 16, miundo mingine ni 18.

Pambo utalijua mapema. Waulize utakuwa mdhamini kamili mwenye kura au mshauri wa vijana, maana wengine wanachanganya makusudi. Ukiwa kamili una kura sawa na wakili na wajibu sawa pia, kwa hiyo usisaini hesabu usizozielewa, omba mweka hazina akae nawe saa moja kabla ya kikao, ni haki yako na akikasirika basi umejifunza kitu kuhusu mweka hazina. Ukiwa na deni la kodi pale hosteli, au mdogo wako anaishi pale, sema mwanzoni mwa kikao na utoke ikijadiliwa. Na hulazimiki kusimulia maisha yako kila wakija wafadhili, wewe sio ushuhuda. Hao mawakili hakuna anayewaomba wasimulie talaka zao.

Wewe unajua kitu ambacho wao hawajui, kwamba ile sheria ya kurudi saa nne usiku inamfukuzisha kazi kijana anayefanya zamu ya jioni. Ikiletwa kwenye bodi kama karatasi wote watapiga kura ndiyo bila kufikiri. Waombe wamchukue na kijana wa pili, mkiwa wawili mnaangaliana mezani mnajua mmoja akianza kuongea mwingine atamalizia. Vikao visiwe saa nane mchana ukiwa kazini. Na nauli wasikwambie utarudishiwa mwisho wa mwezi, waambie unaitaka kabla ya kikao.