Namba inayorudishwa na dn_expand
Namba inayorudishwa na dn_expand, kitendakazi cha lugha ya C kinachofungua jina lililobanwa, ni idadi ya baiti ambazo jina limechukua ndani ya ujumbe wa DNS (mfumo wa majina ya mtandao) likiwa bado limebanwa, wala si urefu wa jina lililokwisha kufunguliwa, na ndiyo maana namba hiyo huongezwa kwenye kielekezi kinachoonyesha mahali usomaji ulipofika ili kufikia sehemu inayofuata. Sababu iko katika RFC 1035, hati ya kanuni za DNS ya mwaka 1987: rejeo la baiti 2 tu laweza kusimama badala ya jina refu lililotajwa mapema katika ujumbe, kwa hiyo anayesogea mbele kwa kutumia strlen, yaani urefu wa jina lililofunguliwa, atapotea njia upesi. Ikirudi -1, yaani kuna kosa, ujumbe huo usiendelee kusomwa. Upande wa kuandika, dn_comp, kitendakazi kinachobana jina, nayo hurudisha ukubwa wa jina lililobanwa.