Maswali na majibu: Helmeti, nokauti na daftari la kocha

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafundisha ngumi vijana kumi na wawili hapa Mikindani. Jumapili mmoja wao alipigwa ngumi ya taya kwenye sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzake), akaanguka na kuzima kama sekunde kumi, kisha akaamka. Anasema yuko fiti, na ana pambano Masasi baada ya wiki mbili. Tuna helmeti mbili tu na siku ile hakuvaa. Je, helmeti ingemwokoa? Na kuna utafiti wowote wa serikali, hata wa nje, ambao naweza kuwaeleza wazazi?

JIBU: Marahaba, kocha. Nianze na Masasi: hapigani. Kwa miaka mingi kanuni za ngumi za ridhaa zimetaka bondia aliyepigwa nokauti akae nje siku zisizopungua 30. Ikija ya pili ndani ya miezi mitatu, anakaa miezi mitatu. Ya tatu ndani ya mwaka, anakaa mwaka mzima. Hizo 30 ni kima cha chini. Aliyezima kabisa kama huyo wako, mimi humpa miezi mitatu, na sparingi imo humo humo kwenye marufuku. Ubongo haujui kama ngumi ilikuwa ya mazoezi au ya mkanda.

Kusema "niko fiti" si kipimo. Niliwahi kukaa na kijana baada ya nokauti, kila nikimuuliza ananijibu "poa, dokta." Nikamwambia afunge kamba za viatu tuondoke. Alifunga, zikafunguka, akafunga tena, mara ya tatu akabaki anaitazama tu ile kamba. Nikamuuliza leo siku gani, akasema Ijumaa. Ilikuwa Jumapili.

Sasa helmeti. Chukua nazi iliyokauka, itikise sikioni, usikie maji yanavyogonga. Halafu izungushie khanga mara tatu, itikise tena. Maji yanagonga vilevile. Helmeti inazuia kuchanika nyusi na kuumia masikio, na kwa hilo inafaa sana, lakini haiuzuii ubongo kuzunguka ndani ya fuvu. Ngumi ya taya, hasa ya pembeni, huzungusha kichwa ghafla. Ubongo huchelewa kufuata, na vishipa vya damu vinavyouunganisha na utando wa juu huvutika. Vikikatika, damu hujikusanya taratibu. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka, akaongea, akala ugali, na saa kadhaa baadaye akazidiwa. Kwenye Olimpiki helmeti zilianza 1984, na wanaume wakavuliwa huko Rio mwaka 2016. Ubishi wa kitaalamu bado unaendelea, ila helmeti si kinga ya uhakika dhidi ya nokauti. Vijana wako waendelee kuzivaa.

Kuhusu utafiti, upo. Nchini Marekani, sheria ya usalama wa ngumi za kulipwa ya mwaka 1996 iliiagiza wizara ya afya ichunguze viwango vya afya, usalama na vifaa vya mabondia. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ikatoa ripoti juu ya ulinzi wa mabondia, ikakuta majimbo hayalingani katika kuwalinda.

Ila ningekuwa mimi nazungumza na wazazi, ningewaeleza ule wa Uingereza wa 1969. Haukuwa wa serikali, uliagizwa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London, na aliyeufanya ni A. H. Roberts. Alichukua orodha ya mabondia wa kulipwa walioandikishwa kati ya 1929 na 1955, watu 16,781, akachagua 250 kwa bahati nasibu, akafanikiwa kuwapima 224. Kati yao 37, yaani kama 17 katika kila mia, walikuwa na madhara ya ubongo yaliyotokana na ngumi: ulimi mzito, mwendo wa kuyumba, kumbukumbu iliyochakaa. Na kadiri mtu alivyopigana miaka mingi na mapambano mengi, ndivyo hatari ilivyopanda. Mabondia wa zama zile walipanda ulingoni mara nyingi mno kuliko wa leo, kwa hiyo usiwatishe wazazi kwa kuwaambia kila kijana wa sita ataharibika. Waambie kinachohesabiwa ni jumla ya ngumi za kichwa, siyo nokauti peke yake.

Uliona kilichomwezesha Roberts? Daftari. Wangekuwa hawajaandikisha watu, asingekuwa na pa kuanzia. Nunua kaunta buku: jina, tarehe, raundi za sparingi, nani kapigwa kichwani, nani kalalamika kichwa kesho yake. Ukiona raundi zinapanda kwa kijana mmoja, zipunguze, mrudishe kwenye begi la kupiga.

Huyo wa Jumapili mlete hospitali ya Ligula apimwe hata kama anacheka. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono ukilegea au akawa mgumu kuamka, usisubiri asubuhi. Asipewe aspirini wala diklofenaki, panadol inatosha. Kwa sasa asiendeshe bodaboda, na kazi ya kubeba magunia ya korosho aiache kwanza. Akiruhusiwa kurudi, aanze na kukimbia taratibu, kisha kamba, kisha begi. Kila hatua kichwa kikiuma, anarudi nyuma. Kupigana na mwenzake kuwe kwa mwisho kabisa, na tarehe hiyo uiandike wewe kwenye kaunta buku, asiichague yeye.