Maswali ya Wasomaji: Vinyago vya Felti na Nyumba ya Kitambaa Chini ya Meza

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ni kutarizi kofia. Nimeona picha za wanyama wa kuchezea walioshonwa kwa felti, nami natamani kuwashonea wanangu wawili, mmoja wa miaka miwili na mwingine wa miaka mitano. Je, felti ni kitambaa cha namna gani, na kwa nini ile niliyonunua dukani ilianza kutoa vinyweleo baada ya wiki chache tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Felti ni kitambaa kisichofumwa. Nyuzi zake hazikupishanishwa kama za kanga au kitenge, bali zimesongana na kushikana zenyewe. Felti ya asili hutokana na sufu ya kondoo, ambayo kila unywele wake umefunikwa na magamba madogo sana. Sufu hiyo inapolowa katika maji ya moto yenye sabuni na kusuguliwa, magamba hushikana, nyuzi hujisokota pamoja, na baada ya hapo haziachani tena. Ndiyo maana ukiikata kwa mkasi, ukingo wake haufumuki wala hauhitaji kupindwa, na kwa mtu anayeshona kwa mkono hiyo ni nafuu kubwa. Ile nyembamba yenye rangi kali unayoikuta katika maduka ya vifaa vya shule kwa kawaida ni ya poliesta au akriliki, iliyodungwadungwa kwa sindano za mashine mpaka ikashikana, na huenda ndiyo hiyo yako iliyotoa vinyweleo. Inafaa kwa picha za ukutani, lakini mimi nisingempa mtoto wa miaka miwili, kwa kuwa bado anatia kila kitu kinywani.

Felti nzuri unaweza kuitengeneza mwenyewe, na hapa Tanga malighafi yake ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu masweta ya sufu katika marobota ya mitumba hayana wateja wengi katika joto letu, na mengi hupandishwa Lushoto kwenye baridi. Tafuta sweta la sufu tupu. Usitegemee lebo peke yake: chomoa uzi mmoja, uushike kwa kibano juu ya sahani ya udongo, kisha uuwashe. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na huacha majivu yanayosagika kwa vidole, ilhali akriliki na poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Lifue sweta hilo katika maji ya moto ya nyuzijoto 60 hivi, ukivaa glavu za mpira, ulisugue kwa sabuni kama unayefua nguo iliyoingia matope, ulisuuze kwa maji baridi, kisha urudie. Litanywea sana na kuwa zito. Utajua limekuwa tayari pale macho ya mfumo wake yanapokuwa hayaonekani tena, na ukikata pembe ndogo hakuna uzi unaochomoka. Yapo masweta ya sufu yaliyotiwa dawa kiwandani ili yasinywee. Hayo hayatageuka felti hata ukiyasugua mchana kutwa, kwa hiyo jaribu kwanza kwa kipande cha mkono.

Kuhusu kushona, mkono wako wa kofia unakutosha. Unganisha vipande viwili kwa mshono wa ukingoni, ule ambao kila unapochomoa sindano unaipitisha ndani ya kitanzi cha uzi, na hatua zake zisizidi milimita 4. Macho, pua na mdomo uvitarizi. Usiweke vifungo wala shanga katika kinyago cha mtoto aliye chini ya miaka mitatu, hata kama umevishona kwa uzi wa nailoni, kwa maana kipimo kinachotumika viwandani kukagua vipande vidogo ni mrija wenye upana wa milimita 31.7, na kitu chochote kinachoingia chote ndani yake kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Kifungo cha shati huingia bila shida. Ukimaliza kushona, vuta kila sikio na kila mguu kwa nguvu zako zote, kwa sababu mtoto atavifanya hivyo hivyo.

Anza na umbo lisilo na miguu mingi, mfano chungwa la Muheza lenye jani moja, au samaki changu. Margarete Steiff, fundi cherehani wa Giengen huko Ujerumani aliyepooza kwa polio tangu utotoni, alianza mwaka 1880 na tembo mdogo wa felti aliyekusudiwa kuwa kimto cha kuchomekea pini tu. Ni watoto waliomgeuza tembo huyo kuwa kinyago cha kuchezea.

SWALI: Bibi, chumba chetu Chumbageni ni kidogo na hatuna nafasi ya kibanda cha watoto. Nimesikia kuwa meza ya kulia inaweza kufunikwa kwa kitambaa ikawa nyumba ya kuchezea. Nipime vipi, na nitumie kitambaa gani?

JIBU: Hilo ni wazo ninalolipenda sana, kwa sababu nyumba hiyo hukunjwa na kuwekwa kabatini wakati wa chakula. Tumia amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho bibi zetu walikiita hivyo kwa kuwa karne ya 19 kililetwa pwani hii na merikebu za wafanyabiashara kutoka Marekani. Kiloweke na kukianika kabla ya kukata, kwani hunywea.

Chukulia meza ya sentimita 120 kwa 80, yenye kimo cha sentimita 75. Kila ukingo wa kuunganisha uongezee sentimita 1.5, hivyo kipande cha juu kitakuwa 123 kwa 83. Pande za kuning'inia ziishie sentimita 2 juu ya sakafu ili mtoto asizikanyage akajivutia meza; ukiongeza mshono wa juu na pindo la chini la sentimita 2.5, utapata vipande viwili vya 123 kwa 77, na viwili vya 83 kwa 77. Kimoja kati ya hivyo vya mwisho kiwe cha vipande viwili vinavyolaliana kwa sentimita 10, nacho ndicho mlango. Hapo usisahau kuongeza upana wa kulaliana na wa pindo. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150, nunua mita 4 na nusu.

Mlango usiwe na zipu wala kamba za kufungia. Kamba yoyote katika nyumba hiyo isizidi sentimita 22, nayo isifanye kitanzi. Madirisha yawe makubwa kiasi cha wewe kumwona mtoto ukiwa jikoni, na ukitaka kuyaziba tumia neti ya pazia, kamwe si kipande cha chandarua cha mbu, kwa kuwa vyandarua vingi tunavyogawiwa vina dawa. Nyumba hiyo iwe mbali na jiko la mkaa, kibatari na dawa ya mbu ya kuchoma.

Sasa mapambo, ambayo yote ni ya felti iliyokatwa na kushonewa juu. Violezo vingi vinavyosambaa vina paa jekundu lenye bomba la moshi na theluji dirishani. Nakuomba uviache. Mtoto wa Tanga mkatie baraza yenye mkeka, mlango wa nakshi, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, mnazi wenye madafu anayoweza kuyachuma kwa utepe wa kunata, na mfuko wa kuwekea barua. Ataijua nyumba hiyo mara moja, na mchezo wa baba na mama utaanza kabla hujamaliza upande wa nne.

SWALI: Je, sufi ya msufi wetu wa uani inafaa kujazia vinyago hivi?

JIBU: Inafaa kwa baadhi. Sufi ni nyepesi, na nyuzi zake zina uwazi ndani na nta juu, ndiyo maana ilijaziwa hata maboya ya kujiokolea baharini. Hata hivyo huwaka upesi, vumbi lake huwasha pua, na ikifuliwa hujikusanya mabonge. Kwa mtoto wa miaka mitano, itoe mbegu zote, uitie kwanza katika mfuko wa ndani wa amerikani, kisha uuvishe felti. Kwa mtoto mchanga tumia pamba ya poliesta ya mito, ambayo hufulika.

SWALI: Vinyago vya sufu nitavisafishaje, na nitavilindaje na wadudu?

JIBU: Vifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kusugua, uvikamue kwa kuvibana ndani ya taulo, kisha uvianike kivulini penye upepo. Wakati wa masika usivifue kabisa kama huna uhakika wa siku mbili kavu, maana ujazo wa ndani huchelewa kukauka na kushika ukungu. Wanaotoboa sufu ni viwavi wa nondo, nao hupenda giza na utulivu: vianike juani kila mwezi na kuvipiga kwa brashi, hasa kwenye mikunjo. Ukikuta tundu, kitie kinyago katika mfuko wa plastiki uliofungwa, ukiweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uzibe tundu hilo kwa kiraka cha felti ileile.